Barua ya wazi kwa wanaosimamia mitandao ya simu: anayemrushia mwenzake naye apate chochote

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa wakuu wa kampuni zote za simu.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Kariakoo. Mimi ni fundi simu. Meza yangu ina upana wa futi tatu, iko barazani hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, na kabla ya kushika bisibisi nilikuwa naingiza nyimbo kwenye simu za watu kule Manzese. Wa umri wangu mnaikumbuka kazi ile. Kompyuta moja ya mezani, spika zinazoshindana na za jirani, fungu la waya wa kila aina ya simu, halafu mteja anakuja na memori kadi ya GB 2: "Nijazie taarabu, Bongo Fleva usiweke nyingi, na kaswida tatu za mama." Nyimbo nilizipakua usiku mara moja tu, kwa shida, na kufikia jioni ya kesho yake zilikuwa zimetembea Manzese nzima bila mtu mwingine kugusa mtandao. Msanii hakupata senti, nakiri, na hilo nitalirudia huko chini. Ila kilichonikaa kichwani ni kwamba kitu kikishafika mtaani hakina haja ya kuletwa tena kutoka mbali.

Bei ya bando siigusi leo. Wengi wameisema, na Aprili 2021 kelele zilipaa hadi bei mpya zikasitishwa. Ninachokileta ni kingine: video ileile inateremshwa kutoka mnara uleule mara hamsini, kwa watu hamsini waliokaa bega kwa bega. Naomba anayeirusha kutoka simu yake kwenda ya jirani, badala ya jirani kuivuta mnarani, naye arudishiwe MB kidogo.

Siku moja, kesho yake baada ya mechi ya Simba na Yanga, nilipanda daladala asubuhi kutoka Mbagala. Foleni ya Mtoni kwa Azizi Ali haisogei. Dada aliyekaa dirishani anaangalia goli. Kijana aliyesimama, mkono mmoja kwenye bomba, akainama: "Dada, nirushie hiyo." Dada akatazama pembe ya juu ya kioo chake. Asilimia 14. "Kaka yangu, chaji yenyewe ndiyo hii, na kuna mtu wa mzigo atanipigia nikifika." Hakusema kwa ubaya. Kijana akaingia mtandaoni mwenyewe. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka, goli likawa linakuja kwa vipande, mchezaji anapiga shuti halafu anaganda mguu juu. Tulipofika Uhasibu ndipo wavu ukatikisika. Ufundi simu unamfanya mtu achungulie vioo vya wenzake, mnisamehe: ndani ya gari lile nilihesabu watu watano wenye goli lilelile.

Mnajua kuliko mimi kwamba mnara hauna mrija wa kila mteja. Wote walio chini yake wanachota kwenye tangi moja, kwa zamu za haraka ambazo hatuzioni kwa macho. Wakiongezeka, kila mmoja anapata kidogo. Aliye mbali na mnara, au aliyejificha nyuma ya kuta tatu, anakula zamu nyingi zaidi kwa MB moja kuliko aliye karibu, na wenzake wanamsubiri bila kujua wanamsubiri nani. Sasa chukueni Uwanja wa Benjamin Mkapa ukiwa umejaa watu wake 60,000. Kipande cha goli chenye MB 10 kikishushwa na kila aliyekaa pale, ni GB 600 kupita kwenye minara michache ya Temeke ndani ya dakika chache. Mmoja kati ya kumi akikishusha mnarani na waliobaki wakakipata kwa jirani, ni GB 60. Hakuna mnara mpya uliojengwa wala masafa mapya yaliyogawiwa.

Zana za kufanya hivyo ziko mifukoni. Bluetooth inafika mita kumi hivi bila taabu. Ni ya polepole, lakini kwa ukurasa wa maandishi au wimbo inatosha. Wi-Fi Direct, ambayo simu mbili zinashikana zenyewe bila ruta, ipo tangu 2010 na ndiyo inayoendesha zile programu za kurushiana ambazo kila kijana wa Kariakoo anazo. Hata wale wanaoandika viwango vya mitandao ya simu duniani, 3GPP, kwenye toleo lao la 12 lililokamilika 2015 waliweka namna simu za 4G zilizo karibu zinavyoweza kugunduana na kupeana data bila mzigo kupita mnarani. Waliwafikiria kwanza watu wa uokoaji. Kwa hiyo ufundi upo. Kinachokwamisha ni ile asilimia 14 ya dada wa dirishani.

Naomba tukae hapo kidogo, maana kila nikisikia watu wakizungumzia jambo hili wanaruka moja kwa moja kwenye programu na masafa, na dada wanamwacha palepale dirishani. Anayepokea anapata goli. Anayetoa anapata nini? Chaji yake inashuka, na chaji Dar es Salaam ni mali. Mwulizeni yeyote aliyewahi kukaa nje siku nzima akitegemea simu kwa riziki. Nafasi kwenye simu inabanwa. Dakika zake mbili zimekwenda. Halafu kuna hofu: huyu nisiyemjua nikimfungulia simu, hataingia kwenye picha zangu? Faili atakalonirudishia halina kirusi? Wateja wangu wengi wakisikia neno Bluetooth wanaizima haraka, kama mtu anavyofunga mlango akisikia mbwa. Sisi Waswahili tunapeana, sina shaka. Tunaazimana sufuria, tunaombana chumvi, tunabebeana watoto kwenye daladala. Lakini chumvi unampa jirani ambaye kesho utamwomba ndimu. Kijana wa kwenye bomba akishuka Kariakoo hamtaonana tena.

Walioanzisha mitandao ya kugawana mafaili kwa kompyuta waliliona hili mapema. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Xerox kule Palo Alto, Eytan Adar na Bernardo Huberman, waliupima mtandao uliokuwa unaitwa Gnutella, ambao ulitegemea kila mtu afungue kabati lake kwa wenzake. Wakakuta karibu asilimia 70 hawatoi hata faili moja, na karibu nusu ya majibu yote yanatoka kwa asilimia 1 tu ya mashine. Wadoezi, kwa Kiswahili chetu. Na hawakuwa watu wabaya. Waliona tu kwamba wali unaliwa hata asiyepika akikaa.

Mwaka uliofuata mtunga programu mmoja, Bram Cohen, akatoa BitTorrent, njia nyingine ya kugawana mafaili. Yeye hakumhubiria mtu. Alikata faili vipande, akaiagiza kila kompyuta iwape kipaumbele wale wanaoipa yenyewe, kwa kawaida wanne kwa wakati mmoja, na kila sekunde 30 ibahatishe mgeni mmoja aliyekuwa hapewi, huenda naye ana chake. Mdoezi hafukuzwi, anacheleweshwa mpaka anachoka. Nipe nikupe, basi. Kanuni hiyo ilibeba mafaili makubwa dunia nzima kwa miaka.

Kwenye daladala, hata hivyo, nipe nikupe inakwama. Dada hana anachokitaka kutoka kwa yule kijana kwa sasa hivi. Anachokitaka yeye, labda mahubiri ya Jumapili au bei za vitenge, kiko kwenye simu ya mtu mwingine atakayekutana naye saa kumi jioni pale Gerezani. Lazima wema wa asubuhi uweze kulipwa jioni, na mtu mwingine kabisa.

Mama zetu walishalimaliza jambo hili bila kompyuta. Unaijua michezo ya mitaani, ile ya kuchangiana pesa, Mheshimiwa, hata kama hushiriki siku hizi. Watu kumi, kila wiki kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na anayepokea leo amechangiwa na mtu ambaye zamu yake itafika mwezi ujao. Inawezekana kwa sababu kuna kijumbe. Kijumbe ana daftari, anajua nani katoa na nani kakimbia, na kwa kazi hiyo naye ana chake kidogo ambacho hakuna anayekigombania. Kijumbe wa simu ni ninyi kampuni za simu. Daftari mnalo. Mnahesabu MB zetu hadi ya mwisho, na bando likiisha saa nane usiku ujumbe unaingia saa nane na dakika moja.

Ninachopendekeza kina sura hii. Chukueni video ya MB 100. Kijana akiishusha mnarani anakatwa 100. Simu yake ikigundua kwamba ya dada inayo, na ikaichukua hapohapo, akatwe 20. Dada aongezewe 10. Kumi zilizobaki ni za kijumbe, na mnara umepumua. Namba hizi ni zangu za mezani, mzibadilishe mnavyoona, ila kuna jambo moja msilibadilishe: anachokatwa mpokeaji kizidi anachoongezewa mtoaji. Wajanja wa Kariakoo nawafahamu, na sijitoi. Siku ya kwanza tu nitachukua simu zangu mbili nizirushiane usiku kucha nivune MB. Kwa hesabu hiyo kila mzunguko nakatwa 20 napata 10, na kufikia alfajiri nimefilisika. Ukikosea ukaweka kinyume, mtaani watapata ajira mpya na ninyi mtafunga mradi ndani ya wiki.

Wataalamu wamelitafuna hili kwa miaka mingi. Miaka ya mwanzo ya 2000, Levente Buttyán na Jean-Pierre Hubaux, wakiwa Lausanne kule Uswisi, walipendekeza vifaa viwe na sarafu yao ndogo: ukimbebea mwenzako unapata, ukibebewa unalipa. Shida yao ilikuwa daftari la ndani ya kifaa, kwamba mwenye kifaa anaweza kulichokonoa akajiandikia utajiri. Wakasema panahitajika kijichipu kisichochezewa. Nilipoelezwa habari hiyo nilicheka, maana nilikuwa nimeshika laini ya mteja kwa kibanio. Laini ndicho kijichipu hicho, na kila simu inacho.

Na Tanzania ina jambo jingine ambalo wenzetu hawakuwa nalo. Kwenye mitandao ya kompyuta mdoezi akishachafua jina anafungua jina jipya, anaanza upya kama mtakatifu. Hapa kwetu laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Usajili ule ulitusumbua sana, foleni zake nazikumbuka. Basi angalau faida hii tuipate: anayedanganya kwenye daftari la MB habadilishi kidole.

Najua swali litakalotoka mtaani, na ni la haki. Sasa hivi tunarushiana bure. Kwa nini kijumbe aingie na kukata 20? Jibu langu ni kwamba cha bure kibaki bure, na kanuni iandike hivyo waziwazi. Mama akimrushia mwanawe picha za harusi, hiyo si habari ya kampuni. Ninayoizungumzia ni ile mizigo ambayo simu ingeivuta mnarani kwa bando kamili: video zinazotazamwa na mji mzima, masasisho ya programu, vitabu. Masasisho ndiyo yananiudhi zaidi. Siku programu ya kutumiana ujumbe inapotoa toleo jipya, simu milioni kadhaa zinavuta kitu kimoja kisichotofautiana hata herufi. Windows 10 tangu 2015 inaweza kuzifanya kompyuta za ofisi moja zigawiane masasisho badala ya kila moja kwenda kuchota kwake. Google nayo 2018 iliweka alama kwenye programu za duka lake ili hata ikitoka simu hadi simu bila intaneti, simu inayopokea ithibitishe kuwa ndiyo yenyewe na haijachezewa.

Hilo la kuthibitisha ndilo linaloondoa hofu ya kirusi. Kila kipande cha faili kina alama yake kama ya kidole, inayokokotolewa kutoka kwenye kipande chenyewe. Mtu akibadilisha hata nukta, alama haifanani na simu inakitupa. Mwenye kazi akiweka saini yake ya kidijitali juu ya orodha ya alama hizo, haijalishi tena umekipata kwa nani. Unaweza kukipokea kwa mtu usiyemwamini kabisa na kitu chenyewe ukakiamini.

Kwa wakuu wa kampuni nina neno la pembeni. Sijawahi kuona muuza duka anayefurahi mteja akienda kuazima chumvi kwa jirani. Ninyi mnauza MB, na mimi nawaambia watu wasivute MB. Hamtalianzisha wenyewe hata mkisema mbele za watu kwamba ni zuri. Faida yenu ipo, ila inakuja kwa mlango wa nyuma: saa mbili usiku mnara unapozidiwa, mteja wa Tandale anayeona kaduara kanazunguka hafikirii habari za masafa, anatoa laini anaweka nyingine. Simu nyingi ninazozipokea mezani zina laini mbili, na mtu anahama kwa kidole. Mimi mwenyewe mtandao mmoja, jina naliacha, ulinifia kila jioni miezi mitatu mfululizo; nilipiga huduma kwa wateja nikaambiwa nizime simu niwashe. Fundi simu anaambiwa azime awashe. Nilihama.

Kwa sababu hiyo barua hii imeanza kwa Waziri na TCRA. Mliwahi kufanya kitu cha jamii hii. Kanuni ndogo za bando za 2021 zilitaka mteja awekewe njia ya kumhamishia mwenzake sehemu ya salio lake la data. Maana yake mlishakubali kwamba MB nikiinunua ni yangu na naweza kumpa mtu. Mimi naomba hatua moja mbele: nikiisha kuitumia MB kuleta kitu, na kitu hicho kikamsaidia aliye karibu nami, nirudishiwe kidogo.

Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya 2010 inataka anayetoa huduma awe na leseni, na ni sawa. Ila mtu atauliza: mimi ninayepata MB 10 kwa kumrushia abiria mwenzangu, nimekuwa mtoa huduma? Wenye vibanda watakuwa wa kwanza kuogopa. Andikeni sentensi mbili kwamba hapana.

Sasa niseme mahali pa kuanzia, na hapa sina shaka hata chembe: anzeni na vya umma, ambavyo hakuna anayevidai hela.

Siku ya matokeo ya kidato cha nne meza yangu inageuka ofisi ya Baraza la Mitihani. Wazazi wanakuja na namba ya mtahiniwa kwenye kikaratasi, wengine mikono inatetemeka. Tovuti inaelemewa, inafunguka nusu, inagoma. Sasa matokeo yale yamepangwa kwa shule. Shule moja, ukurasa mmoja, maandishi matupu yasiyozidi uzito wa picha moja ya simu. Mzazi wa kwanza akiufungua, ukurasa huohuo ndio wanaoutafuta wazazi wengine themanini wa shule hiyo, na baadhi yao wamesimama nyuma yake. Mwaka mmoja nilifanya hivi: ukurasa wa shule moja ya Temeke ulinifungukia, nikauhifadhi, nikaanza kuwarushia wazazi kwa Bluetooth mmoja mmoja. Mama mmoja aliupokea, akausoma, akaniuliza, "Na nitajuaje kwamba hujayatengeneza mwenyewe?" Sikuwa na jibu. Baraza likitia saini yake ya kidijitali kwenye kila ukurasa, simu ya yule mama ingempa jibu kwa tiki ya kijani.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu viko kwenye maktaba mtandao, na ni vya kila mwanafunzi. Mtoto wa Chanika anakishusha kwa bando la baba, na deski la mbele yake kuna mwenzake aliyekishusha jana. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni KB chache tu, lakini kwa aliyeko Jangwani au bondeni mwa Msimbazi mvua ikiwa inakuja, zile KB ni za kuhamisha godoro. Hizo zitembee simu hadi simu zenyewe, bila kukata mtu chochote, na aliyezibeba mbali apewe MB za asante na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mfuko ule uliundwa kwa sheria ya 2006 ili huduma zifike pasipo na faida ya biashara. Kulipa miguu ya watu ni nafuu kuliko kusimamisha chuma.

Mtaniona nazidisha. Kumbukeni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya nchi ikadhoofika siku kadhaa. Kariakoo ilipooza. Jumatatu yake nilikuwa na wateja wasiokuja kutengeneza chochote. Walikuja kuuliza kama mimi nina mtandao, kama daktari anavyoulizwa dawa. Binti mmoja wa chuo alikuwa anatafuta maelezo ya somo, ana mtihani Jumatano, yako kwenye hifadhi ya mtandaoni haifunguki. Kijana aliyekuwa anasubiri kioo cha simu yake akasema anasoma chuo hichohicho, mwaka wa mbele. Akayatafuta kwenye simu ya zamani aliyokuja nayo, akayakuta. Dakika moja na nusu kwa Bluetooth, umbali wa benchi langu. Waya uliokatika ulikuwa huko baharini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na kumbe alichokihitaji kilikuwa nusu mita kutoka begani kwake. Wangejuaje bila kuropoka mbele yangu? Simu zingepashana zenyewe, kwa ruhusa yao, isingekuwa bahati.

Niliahidi kurudi kwa wasanii. Kile nilichokuwa nafanya Manzese kilikuwa wizi wenye adabu. Lakini faili na ruhusa ya kulifungua si lazima visafiri pamoja. Wimbo unaweza kutembea mtaa mzima ukiwa umefungwa kwa kufuli, bure, na ufunguo wake wa herufi chache ukanunuliwa kwa pesa ya simu. Ufunguo ni mwepesi kuliko ujumbe wa maandishi. Msanii analipwa kila unapofunguliwa, aliyeurusha anapata kijasho chake, na anayenunua halipi bando la wimbo juu ya bei ya wimbo. Ofisi ya Hakimiliki ikae nanyi meza moja tangu siku ya kwanza, isije ikaitwa mambo yakiharibika.

Kuhusu faragha sitaki mchezo. Simu inayotangaza "ninayo hii" kutwa nzima inaweza kufuatwa na mtu mwenye nia mbaya kutoka kituo hadi kituo. Dawa yake inajulikana; mfumo wa Apple na Google wa 2020 wa kuwatahadharisha waliokaribiana na mgonjwa wa korona ulikuwa unabadilisha kitambulisho cha Bluetooth kila dakika kumi hadi ishirini. Tutumie njia hiyohiyo. Na daftari la kijumbe lihesabu MB tu, lisiandike nani kampa nani nini na wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, Tume yake ipo. Waiteni waukague mpango kabla haujawashwa. Mtu achague mwenyewe kuingia. Na chaji ikishuka chini ya kiwango alichokiweka, simu ifunge duka bila kumwuliza, ili yule dada asilazimike hata kutoa udhuru.

Mahali pa majaribio ninapo: pantoni la Kigamboni. Pale Magogoni watu wanarundikana wakisubiri, wanavuka pamoja, wengi ni walewale kila siku asubuhi na jioni, na wote wana simu mkononi kwa sababu hakuna cha kufanya. Kampuni mbili, siyo moja, ili tuone kama dada wa mtandao huu anaweza kumrushia kijana wa mtandao ule na madaftari yakasomana. Msiniambie haiwezekani, watoa huduma za intaneti wa hapa wana kituo chao cha TIX wanapokabidhiana mizigo hapahapa Dar, ili barua pepe ya kutoka Posta kwenda Mikocheni isizunguke Ulaya. Walikuwa washindani na walikubaliana. Miezi mitatu, masasisho ya programu na vitabu vya shule, basi. Mpime chaji imeshuka kiasi gani, mpime mnara wa Kivukoni umepumua kiasi gani, mtangaze matokeo hata yakiwa mabaya.

Nikihitajika kuonyesha, nahitaji simu sita za kawaida, hata zile za laki moja na nusu, na dakika ishirini za mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Nipo mezani kuanzia saa mbili asubuhi, Jumapili sifungui. Mje na chaja, soketi yangu moja haifanyi kazi.

Wenu,
Fundi simu, Kariakoo
Dar es Salaam